Umbali wa Kaskazi, Umbali wa Kusi

Bibi yangu, mzaliwa wa Mkomani hapo Lamu, hakuwahi kusema Mombasa iko maili ngapi. Kwake Mombasa ilikuwa usiku na mchana wakati wa kaskazi, na siku tano, sita, au apendavyo Mungu wakati wa kusi. Unguja ilikuwa kama mara mbili ya hapo. Babu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, na akishavuka mlango wa Shela kuingia bahari kuu, bibi naye huku nyumbani alianza kusafiri. Kila baada ya sala alipanda juu darini, akatazama makuti ya minazi yamelalia upande gani, akashuka na kutuambia: wako Ngomeni sasa. Alfajiri: wamepita Malindi. Upepo ukilegea adhuhuri alimrudisha babu nyuma: bado hao, hawajafika Kilifi. Akija mtu kutoka Mombasa siku chache baadaye na kueleza jahazi lilitia nanga saa ngapi, mara nyingi hesabu ya darini ilikuwa karibu na kweli.

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za pwani maisha yangu yote ya kazi. Ubaoni nimeandika kwamba kutoka Lamu hadi Mombasa ni kama maili 130 za baharini, na kutoka Mombasa hadi Unguja nyingine kama hizo. Nambari hizo ni sahihi, lakini kwa mtu wa tanga zinaeleza nusu ya habari. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki na kumsukuma kila aendaye kusini, na jahazi zuri likienda maili tano hivi kwa saa, Mombasa ni usiku na mchana kweli. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mambo yanageuka. Upepo unatoka mbele, na mkondo wa bahari wa pwani yetu, ambao kawaida yake ni kwenda kaskazini, unazidi nguvu. Chombo kinalazimika kupiga bisho: kinatoka nje mbali na nchi, kinageuza foromali, kinarudi ndani, kinatoka tena, na muda wote huo maji yanakivuta kurudi kilikotoka. Kwa siku nzima ya kazi kinaweza kuwa kimesogea maili chache tu. Njia ni ileile na imekuwa ndefu mara tano. Urefu wa njia, kwa manahodha wetu, ulikuwa na majira yake kama embe.

Miaka mingi nilidhani hii ni namna ya watu waliokosa vipimo. Sasa ninaamini kinyume chake. Watu wa pwani hii walipima bahari kwa wakati kwa sababu ndivyo bahari ilivyo, na kwa sababu, kama wachunguzi wa ubongo walivyokuja kuona katika miaka hii hamsini, ndivyo pia kichwa cha binadamu kilivyoumbwa.

Habari yenyewe ya kupima bahari kwa wakati ni ya kale sana. Katikati ya karne ya 1 B.K. mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kigiriki, alitunga kitabu cha safari za bahari hizi kinachojulikana kama Periplus. Alipofika kueleza pwani yetu, aliyoiita Azania, alipima kwa siku na kwa mwendo wa mchana na usiku. Kutoka visiwa alivyoviita Pyralaae, ambavyo wengi wanaona ni visiwa vyetu vya Lamu, alihesabu miendo miwili ya mchana na usiku hadi kisiwa cha Menuthias. Kisiwa hicho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Kutoka hapo siku mbili nyingine hadi Rhapta, soko la mwisho, ambalo mahali pake bado panatafutwa. Msafiri Ibn Battuta alipokuja mwaka 1331, alieleza kwamba kutoka Zeila hadi Mogadishu ni safari ya baharini ya usiku kumi na tano. Kati ya yule mfanyabiashara na Ibn Battuta kuna miaka karibu 1,300, na bado bibi yangu angewaelewa wote wawili bila kuuliza swali.

Aliyeiandika hesabu hii kwa ukamilifu ni Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15, mzaliwa wa Julfar, nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, kilikamilika karibu na mwaka 1490, na aliandika pia utenzi wa njia za pwani yetu mpaka Sofala. Hesabu ya marubani wa zama zake ina vipimo viwili ambavyo nimevitafakari kwa muda mrefu. Cha kwanza ni kidole. Unanyoosha mkono mbele ya uso, unatazama nyota imepanda vidole vingapi juu ya upeo wa bahari. Duara zima la mbingu lilikuwa vidole 224, kwa hiyo kidole kimoja ni digrii moja na dakika 36. Cha pili ni zamu, mwendo wa saa tatu. Zamu nane ni mchana na usiku. Kanuni iliyoviunganisha ni hii: ukienda jaa, yaani kaskazini, moja kwa moja, zamu nane huipandisha nyota ya jaa kidole kimoja.

Nilikaa na kalamu nikaipima kanuni hiyo. Digrii moja na dakika 36 ni maili 96 za baharini. Ukizigawa kwa zamu nane unapata maili 12 kwa zamu, yaani maili nne kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa wa chombo cha tanga chenye shehena. Kipimo kimoja, basi, kilishika urefu wa mbingu, urefu wa bahari na urefu wa muda, na rubani akijua kimoja amevijua vyote. Badala ya mkono mtupu walitumia pia kibao kidogo cha mti chenye uzi uliopigwa mafundo. Unauma uzi kwa meno kwenye fundo la bandari unayoitaka, unanyoosha kibao. Nyota ikikaa sawa juu ya kibao na bahari ikagusa chini yake, umefika latitudo ya bandari hiyo, na kilichobaki ni kugeuza chombo kuifuata nchi.

Huku kwetu, kusini ya ikweta, nyota ya jaa yenyewe imezama chini ya upeo. Marubani wa pwani hii walitumia nyota nyingine za kaskazini zilizo juu zaidi, na upande wa kusini walikuwa na nyota ya suheli. Babu, ambaye ujanani aliwahi kwenda mpaka Mukalla, alisema kwamba jaa huanza kuonekana Mogadishu ikishabaki nyuma, chini kabisa, katika ukungu wa bahari. "Ukiiona jaa," alikuwa akisema, "jua umeshatoka kwetu."

Nyota zilieleza mahali. Kueleza majira kulihitaji kalenda, na kalenda ya mwezi haikufaa. Mwaka wa Kiislamu una siku kama 354, na kwa hiyo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Ramadhani huweza kuangukia kaskazi, na miaka michache baadaye ikaangukia vuli. Mwezi ulitawala ibada, na ulitawala maji pia, bamvua na maji mafu, lakini pepo hufuata jua. Ndiyo maana pwani nzima ilishika kalenda ya pili, ya Nairuzi, iliyotoka Uajemi: siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36 na siku tano za juu. Mkulima alijua mwongo wa kupanda mtama, nahodha alijua mwongo wa kufunga bahari na mwongo wa kuifungua. Ibn Majid naye alitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu kutoka Nairuzi. Makunduchi, kusini ya Unguja, siku ya mwaka huo bado huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kwa kuwa kalenda hiyo haina siku ya ziada ya kila mwaka wa nne, siku ya mwaka husogea nyuma polepole, siku moja kila miaka minne, karibu siku 25 kwa karne. Wazee wa miongo walipaswa kulijua hilo na kurekebisha tarehe za pepo kizazi kwa kizazi. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ilifanywa bila karatasi.

Tazama sasa yaliyowapata wasiokuwa na hesabu hii. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa na mfalme wa hapo. Kusi ilikuwa ndiyo kwanza inashika, pepo na mkondo vyote vinaelekea alikokwenda, na tarehe 18 Mei wakaiona nchi ya Bara Hindi. Kurudi hakusubiri. Aliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijakaa, na hakufika ng'ambo ya Mogadishu mpaka Januari 2 mwaka 1499. Siku 24 za kwenda, karibu miezi mitatu ya kurudi, bahari ni hiyohiyo. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye kati ya maji yale yasiyo na upepo. Rubani wa Malindi angewaambia wangoje wiki chache tu.

Mimi mwenyewe nilisafiri na babu katikati ya miaka ya 1960, nikipelekwa Mombasa kusoma. Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, njia ya bara kutoka Lamu haikuwa salama, na mizigo na watu vilipita baharini. Jahazi lilijaa boriti na mazio, korija juu ya korija, na sisi abiria tuliketi juu ya miti hiyo. Tulitoka na maji yakipwa, kaskazi ikavuta tanga, na giza likatukuta katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya mdomo wa Mto Tana.

Humo katika ghuba nchi ni ya chini, haina taa wala kilima. Babu alimwita kijana mmoja aende omo na kipande cha kumbi la nazi. Yeye mwenyewe alisimama tezi. Kijana akalitupa kumbi majini na kupiga ukelele, babu akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini mpaka kumbi likapita alipo. Sita. Alirudia mara tatu, akanyamaza. Kisha akaagiza bildi. Risasi ile chini yake ina shimo dogo, na ndani yake walipaka shahamu. Kamba ikashuka, ikapimwa kwa pima za mikono ilipokuwa ikipandishwa, na risasi ikaletwa karibu na kandili. Shahamu ilikuwa imeshika tope jekundu laini, lile la Tana. Babu alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa, akamwambia msukani aende nje kidogo. Halafu akajilaza juu ya mkeka, akajifunika shuka.

Alilala zamu nzima. Nilikuwa macho kwa hofu, ndiyo maana niliona alivyoamka. Hakuitazama dira, ambayo ilikuwa mbele ya msukani na taa yake ndogo. Hakutazama juu. Alikaa, akanyoosha mkono gizani nyuma ya bega lake na kusema, "Lamu ile." Akauleta mkono mbele, upande wa nchi. "Ras Ngomeni hii. Tutaisikia kabla ya alfajiri." Kusikia alimaanisha mawimbi kwenye miamba. Nilimwuliza amejuaje na alikuwa amelala. Akasema, "Nalala mimi, mwanangu. Hesabu hailali." Miamba ilisikika kabla ya alfajiri.

Mkono ule uliokuwa ukionyesha mahali pasipoonekana nimeukumbuka kila niliposoma habari za ubongo.

Ndani ya kichwa, karibu usawa wa masikio, kila upande kuna kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Mwaka 1971, katika University College London, John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky waliripoti kwamba katika hipokampasi ya panya kuna seli za neva zinazowaka panya akiwa mahali fulani tu pa chumba. Akihama, seli hiyo inatulia na nyingine inawaka. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, pamoja na wenzao wa Trondheim, Norwe, walieleza juu ya seli nyingine, katika sehemu jirani ya ubongo. Hizo zinawaka katika mahali pengi palipopangika kwa pembetatu zinazolingana, mfano wa wavu uliotandazwa sakafuni. O'Keefe na akina Moser wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Baadaye, mwaka 2015, watu wa Trondheim waliripoti juu ya seli zinazofuata kasi ya mnyama, awe gizani au kwenye mwanga. Panya, kama babu, anajua amekwenda upande gani na kwa kasi gani, na kutokana na hayo anajua alipo hata akiwa haoni kitu.

Lakini kasi haileti umbali mpaka uizidishe kwa muda, na hapo ndipo moyo wangu ulipopiga. Mwaka 2011 kikundi cha Howard Eichenbaum, Boston, kilieleza habari ya seli za hipokampasi zinazowaka kwa zamu wakati panya anangoja tu: moja mwanzoni mwa kungoja, nyingine baada yake, nyingine mwishoni. Waliziita seli za wakati. Watu wengine walitilia shaka, kwani panya akiwa anatembea, wakati na umbali huenda pamoja, na huwezi kujua seli inahesabu kipi. Mwaka 2013 kikundi hicho kiliwakimbiza panya juu ya mkanda unaozunguka, panya amebaki palepale, wakawa wanabadilisha kasi ya mkanda. Kwa njia hiyo waliweza kutenganisha sekunde na mita. Zilikuwepo seli zilizofuata muda, na zilikuwepo zilizofuata umbali. Nyingi kati yake zilifuata vyote viwili kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake. Ni seli zilezile za mahali. Hakuna sanduku moja la wakati na jingine la nafasi. Hesabu ya zamu, ambayo haikutenganisha saa tatu na maili kumi na mbili, ina mwenzake ndani ya nyama ya kichwa.

Kisa cha Henry Molaison kinalieleza jambo hilo kwa upande wa majonzi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa nchini Marekani ili kutibiwa kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ikaondolewa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu hapo hakuweza kushika kumbukumbu mpya: nani amekuja, lini, wapi. Alipopimwa namna anavyokadiria muda, hadi sekunde 20 hivi alikuwa kama watu wengine, na baada ya hapo wakati ulimkatikia, muda mrefu akauona mfupi. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008.

Hata mwenye ubongo mzima, ukimwondolea dalili za nje, wakati humponyoka. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa peke yake katika pango la Scarasson, katika milima ya Alps, bila jua na bila saa, tangu katikati ya Julai hadi Septemba 14. Alipotolewa alidhani ni Agosti 20. Kila alipopiga simu kwa wenzake waliokuwa juu alihesabu kutoka moja hadi 120, moja kwa kila sekunde, na siku moja hesabu hiyo ilimchukua dakika tano. Nahodha wa pwani alikuwa hatarini kupotelewa vivyo hivyo usiku wa mawingu. Ndiyo sababu ya kumbi la nazi, ya bildi, ya zamu za mabaharia zilizobadilishwa kwa utaratibu, ya kuitazama nyota inapopita nyuma ya mlingoti. Kila moja ya dalili hizo iliushika mkono ubongo na kuurudisha njiani. Babu hakuwa na kipawa cha ajabu. Alikuwa na ubongo kama wangu, uliofunzwa tangu akiwa mtoto wa kufua maji ndani ya jahazi, na kazi iliyomlazimisha kuutumia kila usiku.

Wageni waliokuja na vyombo vya shaba nao walipima nafasi kwa wakati. Kati ya 1822 na 1826 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani ya Afrika ya Mashariki akiwa na meli za Leven na Barracouta. Homa iliua watu wake wengi. Ili kujua amefika wapi mashariki au magharibi alitegemea kronomita, saa za baharini zisizopotea. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na kwa hiyo tofauti kati ya saa ya nyumbani na adhuhuri ya mahali ulipo ndiyo longitudo yako. Marubani wetu hawakuwa na njia ya kupima longitudo, na kusema kweli haja hiyo haikuwa kubwa, maana pwani yetu inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini na ukishaijua latitudo unageuza chombo kuelekea nchi. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu nilivyofundishia vilimtaja Owen kana kwamba kabla yake pwani hii haikuwa na ramani. Ilikuwa nayo, katika vichwa vya watu waliokuwa wakipita miamba ileile usiku.

GPS ya leo ni kazi hiyohiyo iliyonolewa. Setilaiti, ambazo mtandao wake ulikamilika mwaka 1995, hubeba saa za atomiki, na simu yako hujua ilipo kwa kupima mawimbi yamechukua muda gani kufika. Saa hizo huko juu huenda mbele ya zetu kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni kila siku, kama Einstein alivyotabiri, na lisiporekebishwa hilo ramani ingekosea zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Umbali bado unatokana na muda. Kilichohama ni mwenye kuhesabu.

Kuhama huko kuna gharama, na imepimwa. London, madereva wa teksi nyeusi wanatakiwa tangu karne ya 19 kujua kwa kichwa mitaa yote iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, mitaa kama 25,000, na kujifunza huchukua miaka mitatu, minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi za madereva hao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na kwamba inakwenda pamoja na miaka ya kazi. Mwaka 2011 walirudi na habari nzito zaidi: waliwafuata wanafunzi tangu mwanzo, na waliofaulu mtihani walionekana wameongezeka sehemu hiyo, ilhali walioshindwa hawakuongezeka. Ni watu wazima hao. Na mwaka 2017, chuo hichohicho cha O'Keefe, watu walipitishwa katika mitaa ya Soho kwa filamu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipotafuta njia wenyewe hipokampasi ilishtuka kila walipoingia mtaa mpya. Walipofuata maelekezo ya kifaa, haikushtuka.

Kazi ya manahodha wa masafa marefu imekufa katika uhai wangu. Msimu wa 1938 na 1939 Mwaustralia Alan Villiers aliweza kusafiri na chombo cha Kuwait, Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, mpaka Unguja na vinamasi vya Rufiji kupakia boriti, na bandari zetu zilijaa vyombo kama hivyo. Kisha zikaja mashine, malori, saruji na vyuma vya kujengea. Jahazi la babu liliwekwa mashine, likauzwa.

Tanga lenyewe halijafa. Lamu tuna mashindano ya majahazi kila mwaka, na vijana wanaoshika usukani humo ni hodari kweli: wanajua mkondo wa mlango wetu kwa robo saa, wanajua fungu gani linaibuka maji yakipwa. Nimezungumza nao. Wote hurudi kabla ya magharibi, na anayekwenda mbali huenda na simu. Ninachoiomba halmashauri ya mashindano ni jambo dogo. Januari, kaskazi ikiwa imetulia, jahazi moja litoke Shela jioni kuelekea Malindi, mashua ya mashine yenye kila kifaa ikilifuata kwa mbali kwa usalama. Simu zote zibaki katika mashua. Ndani ya jahazi kuwe na kandili, bildi, dira na mmoja wa manahodha wazee waliobaki, ambaye hatashika usukani. Kazi yake iwe kuwaamsha vijana kila mwisho wa zamu, mmoja mmoja, na kumtaka kila mmoja anyooshe mkono upande ilipo Lamu, kabla hajafumbua macho vizuri.